Ekseli ya Saa ya Baba

Niliisikia sauti ile kwa mara ya kwanza nikiwa katika tahiyatu ya mwisho ya swala ya alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika, mapangaboi ya msikiti yamesimama, na palikuwa na ukimya ambao Mombasa huupata kwa nadra. Nilipogeuza mkono kidogo juu ya goti, saa ya Baba ilikwaruza. Haukuwa mlio wake wa kawaida, ule mwepesi ambao sikio huuzoea likaacha kuusikia. Ulikuwa mkwaruzo mfupi wa chuma juu ya chuma, kama mtu anayesogeza sufuria jikoni katika nyumba ya jirani.

Nikatoa salamu bila hakika ya nilichokisoma kabla yake.

Fundi wetu ana meza yenye kabati la kioo kando ya Digo Road, hatua chache kutoka Marikiti. Baba, Mungu amrehemu, alimwita kijana hadi ndevu zake zikawa nyeupe. Mimi namwita Ami. Aliishika saa karibu na sikio, akaizungusha taratibu, akaniangalia kama daktari anayetaka kujua umekaa na maradhi muda gani, kisha akafungua mfuniko wa nyuma na kuuelekeza kwenye taa. Upande wa ndani kulikuwa na mkwaruzo uliojipinda kama mwezi mwandamo, na kandokando yake vumbi laini lililometa. Akachukua kijiti cha meno na kugusa ukingo wa rota. Rota, ambayo kazi yake ni kuzunguka kila mkono unaposogea ili iijaze springi, ilipanda na kushuka kama mlango uliolegea bawaba.

“Bushi imekufa,” alisema, kwa lugha ile ile ya mafundi wa magari, akimaanisha kile kijibomba kinachoishika ekseli ya rota. “Na vumbi hili ni saa inajila yenyewe.”

Nilirudi nyumbani nayo mfukoni. Ilichukua wiki saba kuamua la kufanya.

Orodha kutoka Muscat

Ni Omega Seamaster ya chuma kisichoshika kutu. Baba alikuwa mpishi katika meli za London zilizopita Suez na Aden kabla ya kufika Mombasa, na aliinunua Aden mapema mwaka 1967, siku ambazo bandari ile ilikuwa haitozi ushuru na maduka ya Steamer Point yaliishi kwa fedha za mabaharia na abiria. Juni mwaka huo Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita, na Novemba Waingereza wakaondoka Aden. Baba alipenda kusimulia kwamba alinunua saa hiyo katika duka la mwisho lililobaki wazi, jambo ambalo kwa tarehe haliwezekani, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Dada yangu anaishi Muscat. Nilipompelekea picha, alizifikisha siku hiyo hiyo katika kituo kimoja cha matengenezo huko Ghuba kinachohudumia saa za chapa nyingi, nacho kikajibu kwa makadirio ya kurasa mbili. Mashine ingefunguliwa na kusafishwa yote. Springi mpya. Rota mpya nzima pamoja na ekseli yake. Mipira mipya ya kuzuia maji, kichwa kipya cha kutilia ufunguo, kioo kipya, akrabu mpya, uso mpya, na mwisho kasha kung’arishwa “hadi hali ya awali”. Gharama ilizidi shilingi laki moja za Kenya kabla ya usafirishaji.

Sikuwa na sababu ya kuwalaumu, na bado sina. Mtu akikupa dhamana ya miaka miwili, hawezi kukuachia ndani ya saa kipande ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Anabadilisha kila kilichochoka ili jina lake lisije likaaibika kwa uchovu wa kitu asichokifunga yeye. Ni hesabu ya haki kabisa kwa upande wake.

Lakini niliisoma orodha ile kwa penseli, nikikata kila kilichokuwa kinatoka, na mwishoni vilibaki mabamba ya mashine, magurudumu na kasha. Kasha lenyewe lilikuwa linangoja msasa.

Nilimpigia Dada nikitaraji tutakubaliana. Hatukukubaliana. “Mdogo wangu,” alisema, “Baba hakutoka nje na shati lenye makunyanzi hata siku moja. Alipaka chaki viatu vyake vya kanzu. Wewe wataka abaki na uso wenye madoa, kisha uite hayo mapenzi?”

Neno hilo lilinikaa kuliko bei. Mimi nilikuwa nimejihesabu mlinzi wa kumbukumbu, na yeye akanionyesha kwamba kumbukumbu niliyokuwa nailinda huenda ilikuwa yangu mimi, ya mtoto aliyezoea kuliona doa lile la hudhurungi karibu na namba 4, wakati mwenye saa mwenyewe huenda alilionea haya kila siku.

Bushi

Niliporudi kwa Ami, nilimwekea makadirio mezani. Aliyasoma polepole, akayakunja, akanirudishia.

“Mwanangu, kinachosuguana kibadilishe. Kinachotazamwa kiache.”

Nilidhani nimepata jibu. Kanuni hiyo ina nguvu ya kweli nyuma yake, kwa sababu ndani ya saa uchakavu hautulii mahali pamoja. Mashine hii, ambayo mafundi huijua kwa namba 565, ina vito 24, na gurudumu lake la mizani hupiga mara 19,800 kwa saa moja, zaidi ya mara 475,000 kwa siku. Inavumilia kazi hiyo kwa sababu mihimili yake mingi hukaa katika rubi na tone la mafuta dogo kuliko chembe ya sukari. Rota haikujaliwa hivyo. Katika saa nyingi za siku hizi rota huzunguka juu ya gololi. Katika hii huzunguka juu ya ekseli nyembamba ya chuma iliyochomekwa katika tundu la bushi. Mafuta yakikauka, ekseli inakula bushi na bushi inakula ekseli. Rota inalegea, inaanza kuparuza mfuniko juu na mabamba chini, na unga wake unashuka kwenye magurudumu, ukichanganyika na mafuta yaliyobaki na kuyageuza kuwa kitu kinachosaga. Kipande cha bei ndogo kikiachwa kwa ajili ya mapenzi, kitaua vipande kumi vya thamani.

Kwa hiyo ekseli haikuwa na wa kuitetea. Ila Ami alikuwa na jambo jingine la kunionyesha. Alinipa lenzi yake, nikaibana jichoni, akanielekeza kwenye ukingo wa tundu la bushi. Kulikuwa na vidoti vitano vimelizunguka, kama alama za chanjo.

“Huyu aliitengeneza,” alisema.

Fundi fulani wa zamani, asiyejulikana, aliliona tundu limepanuka na badala ya kutia bushi mpya alilipigapiga kwa panchi pembeni ili chuma kisogee ndani na kuibana ekseli. Hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi, na kwa mwaka mmoja au miwili pengine ilifanya kazi. Sasa chuma kile kilichosogezwa hakirudi kilikotoka. Laiti angebadilisha, bushi ya zamani ingetoka nzima, mpya ingeingia, na bamba la Baba lingebaki bila jeraha. Alitengeneza, akaliharibu.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimeingia katika mjadala huu nikiamini kwamba kutengeneza ni upole na kubadilisha ni ukatili, nami nikajiweka upande wa wapole. Lakini tazama yanayofanywa kwa jina la kutengeneza. Kasha likipigwa msasa, mistari mikali ya masikio yake yanayoshika mkanda, ile iliyochongwa kiwandani, inakuwa duara kama sabuni iliyotumika. Mfuniko wa nyuma una farasi wa baharini, nembo ya Seamaster, na kila anayeung’arisha anamwondolea farasi huyo magamba machache. Nimeona saa za aina hii ambazo farasi wao amebaki kivuli. Nyuso zinapakwa rangi upya, jambo ambalo karakana nyingi za India zimejulikana nalo miaka mingi, na maandishi yanarudi manene na yenye kupinda kidogo. Yote hayo ni matengenezo. Hakuna hata moja lenye njia ya kurudi nyuma.

Kipande kilichobadilishwa, kwa upande mwingine, unaweza kukiweka katika bahasha.

Basi, nilijiuliza usiku huo, kwa nini nisikubali uso mpya na ule wa zamani niutie katika droo? Dada angepata saa nadhifu, mimi ningepata doa langu. Niliandika kwa kituo kuuliza. Jibu lilikuwa la adabu: akrabu na vipande vidogo wangeweza kuvirudisha, lakini uso wa zamani wao huuchukua wanapotoa mpya. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, na sitaficha kwamba nilifurahi, maana ulinipa ushindi dhidi ya Dada ambao sikuwa nimeufanyia kazi.

Unga wa akrabu

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu kanuni ya Ami ilivunjika mikononi mwake mwenyewe.

Alikuwa ametoa kioo na kuitoa mashine katika kasha. Akrabu za Baba ni fimbo mbili za rangi ya fedha zenye mfereji mwembamba katikati, na mfereji huo ulijazwa rangi ya kung’aa gizani. Rangi hiyo imegeuka kahawia kama maziwa yaliyochemka sana. Ami aliigusa akrabu ya dakika kwa ncha ya kibano, bila nguvu, na chembe mbili zikadondoka juu ya uso.

Akaacha kugusa. Tukatazamana.

Wasiwasi wangu wa kwanza ulikuwa sumu, kwa kuwa niliwahi kusoma juu ya radiamu, madini yenye mionzi iliyotiwa zamani katika rangi ya saa, na wasichana wa viwandani Marekani waliolamba brashi ili kuzichonga ncha, wakaugua na wengine wakafa. Ami alinionyesha chini kabisa ya uso, chini ya namba 6, ambapo kando ya maneno SWISS MADE kuna herufi T mbili ndogo, moja kila upande. Herufi hizo zinasema tritiamu, iliyokuja kuchukua nafasi ya radiamu. Mionzi yake ni dhaifu, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei, kwa hiyo ya mwaka 1967 imebaki chini ya sehemu moja kwa 20. Nimeibeba saa hii gizani mara nyingi na haijawahi kunionyesha chochote.

Hatari iliyobaki haikuwa mwilini mwangu. Ilikuwa kwa mashine. Chembe zile ni ngumu, na zikipita katika tundu la katikati zinashuka kwenye magurudumu kufanya kazi ile ile ya unga wa bushi. Kinachotazamwa kilikuwa kimeamua kusugua.

Hili lilinisumbua kuliko yote. Ekseli haikuwa na uso, hakuna aliyewahi kuitazama, kwa hiyo kuiaga ni rahisi. Akrabu ni kitu ambacho Baba alikitazama zaidi ya alivyotutazama sisi, nasema hivyo bila uchungu. Alikuwa baharini miezi mingi, na kila siku alikisoma kwa hesabu zetu, akrabu ikiwa juu kabisa ni saa sita, bila kujali meli inafuata majira ya nani. Kuzibadilisha kungekuwa salama. Kukwangua rangi na kutia mpya kungekuwa matengenezo ya aina ile ile niliyokwisha kuilaani, na tena rangi mpya ya kijani cha embe bichi pembeni ya alama za saa zilizozeeka ingeonekana kama jino la dhahabu katika kinywa cha kikongwe. Kuziacha kungekuwa kuacha mchanga ndani ya chakula.

Kulikuwa na njia ya nne, nayo si mashuhuri. Fundi huipindua akrabu na kupaka nyuma yake tabaka jembamba sana la gundi ya vanishi, ambalo hupenya kati ya chembe na kuzishika pamoja bila kubadilisha rangi yake mbele. Si tiba ya milele. Ami alisema ataifanya ikiwa nitaahidi kumletea saa kila baada ya miaka mitano, si kungoja ikwaruze msikitini.

Kioo kisicho na alama

Kabla ya kuiweka kando, Ami alikiinua kioo cha saa kwenye mwanga na kukigeuza hivi na hivi.

“Hiki si chao.”

Vioo vya plastiki vya Omega vya wakati ule vina alama ndogo ya herufi ya Kigiriki ya kampuni katikati kabisa, ndogo kiasi kwamba unaweza kuishi nayo miaka 30 bila kuiona. Kioo chetu hakikuwa nayo. Kichwa cha kutilia ufunguo nacho hakikuwa na alama yoyote juu yake. Kilikuwa kichwa cha kawaida, cha saa yoyote. Kisha akanirudishia mfuniko wa nyuma, ule wenye mwezi mwandamo, na kunitaka nitazame nje ya mkwaruzo. Kulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa sindano, madogo kama nyayo za sisimizi, kwa miandiko mitatu tofauti. Mafundi wa saa huacha alama hizo ili wajue kazi yao ikirudi. Moja ilisomeka 3/74. Nyingine 81, na herufi mbele yake. Ya tatu sikuweza kuisoma.

Baba hakuwahi kutueleza.

Nilikaa juu ya kibao cha Ami na kupanga upya nilichokuwa nikikijua. Mtu niliyekuwa nikimlindia kila kipande alikuwa ametupa kioo cha kwanza kilipopasuka, akatia cha bei nafuu. Kichwa kilipochakaa akatia kilichopatikana, pengine katika bandari ambayo sitaijua. Na yeye ndiye aliyelipia vile vidoti vitano vya panchi, akaondoka ameridhika. Kwake ilikuwa saa. Alihitaji kujua lini mikate itoke kwenye tanuri.

Katika bandari ya kale majahazi hupandishwa ufukweni, mbao zilizooza hutolewa na mpya kuwekwa, mianya ikatiwa kalafati, na sijawahi kumsikia nahodha akiulizwa kama chombo hicho bado ni kile kile. Huulizwa kama kinavuja. Baba alitoka katika watu hao. Kwa hesabu hiyo Dada alikuwa karibu naye kuliko mimi.

Hata hivyo uso hakuubadilisha. Mafundi watatu, labda zaidi, waliufungua, na hakuna hata mmoja aliyeagizwa kuupaka upya, ingawa doa lile lilikuwapo tangu utoto wangu na ingawa Baba alikuwa mtu wa chaki na pasi. Sijui kama ulikuwa uchumi au mapenzi. Nilimweleza Dada hivyo kwa simu, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza katika wiki hizo alinyamaza kidogo kabla ya kujibu.

“Basi uso uache,” alisema. “Lakini kioo kile cha bandia kitoe.”

Kilichofanywa

Ami hakutaka kununua saa nyingine ya aina hiyo ili aichinje apate rota. Alisema amezika saa nyingi kwa njia hiyo na hapendi tena. Alipata ekseli na bushi ya zamani iliyokuwa haijatumika, kupitia fundi mwenzake aliyepo nje, na kungoja huko pekee kulikula wiki tatu. Rota ilibaki ile ile. Ekseli iliyochakaa ilisukumwa nje na mpya kuingizwa. Springi mpya iliingia, mafuta mapya, mipira mipya. Kioo kipya kina alama katikati, na sasa nikiwa peke yangu huitafuta kwenye mwanga kama mtoto. Kichwa cha kutilia ufunguo kilibadilishwa kwa kuwa hakikuzuia tena unyevu, na jasho la Machi hapa halina huruma. Kasha halikuguswa. Mwezi mwandamo ndani ya mfuniko uko pale pale, na pembeni yake kuna mwandiko wa nne.

Vidoti vya panchi vimebaki pia. Ami alisema angeweza kuvisawazisha. Nilimwambia asivisawazishe.

Alinikabidhi saa pamoja na vipande vilivyotolewa, kila kimoja katika karatasi ya vidonge. Ekseli ni ndogo kuliko punje ya mchele, na upande mmoja ina mfereji uliochimbwa na miaka, unaoonekana hata bila lenzi ukiigeuza vizuri. Nilimpelekea Dada picha za vyote. Hakusema chochote juu ya uso, wala akrabu, wala bei, ambayo haikufika hata robo ya ile ya kurasa mbili. Aliuliza tu kama kile kijipande cha chuma nina kazi nacho.

Nikamwambia sina.

Akataka kimpelekewe. Binamu yetu anasafiri Muscat baada ya Idi, nami nimekitia katika bahasha ndani ya bahasha, nikaandika jina la Dada kwa wino, na chini yake, ili asije mtu akadhani imetumwa tupu, nikaandika: ndani kuna kitu.